Mada ya 7: Jinsi Wanasayansi Wanavyotambua Jeni Zinazohusiana na Sonona

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii, utaweza:

1. kutofautisha sifa inayoongozwa na jeni moja na sifa inayoongozwa na jeni nyingi;
2. kukadiria mchango wa urithi kwa kutumia takwimu za mapacha;
3. kueleza kwa nini utafutaji wa jeni unahitaji sampuli kubwa na kigezo kikali;
4. kuonesha jinsi data za aina mbalimbali zinavyounganishwa ili kuitambua jeni;
5. kukosoa kauli potofu kuhusu urithi na sonona.

7.1 Sonona ni nini?

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu awe na huzuni nzito au akose hamu ya mambo aliyoyapenda, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Dalili nyingine ni kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kubadilika kwa hamu ya kula, uchovu, kushindwa kutuliza mawazo, kujiona huna thamani, na wakati mwingine kuwaza kifo.

Sonona si huzuni ya siku moja baada ya kufeli jaribio. Si uvivu, na wala si laana ya ukoo. Ni ugonjwa unaotibika.

Hata hivyo, kuna familia ambazo ugonjwa huu hujirudia: bibi aliugua, mama akaugua, na sasa mtoto. Watu huuliza, "Je, uko kwenye damu?" Swali hilo la mtaani ni swali la kisayansi. Mada hii inakuonesha jinsi lilivyojibiwa, pamoja na kosa kubwa lililofanyika njiani.

7.2 Kutoka njegere za Mendel hadi jeni nyingi

Katika mada ya urithi ulijifunza njegere za Mendel. Jeni moja yenye aleli mbili iliamua kimo cha mmea: mrefu au mfupi. Uwiano wa 3:1 ulionekana wazi katika kizazi cha pili.

Selimundu hufuata utaratibu huo. Badiliko la herufi moja ya DNA katika jeni ya himoglobini, iliyopo kwenye kromosomu ya 11, linatosha kubadili umbo la chembe nyekundu za damu. Mtoto anayerithi aleli hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa.

Sonona haifuati utaratibu huo. Hakuna "jeni ya sonona" moja. Kuna mamia ya maeneo ya DNA, na kila eneo huongeza au kupunguza hatari kwa kiasi kidogo sana. Juu ya hayo huongezeka mazingira: kufiwa, ukatili utotoni, maradhi ya muda mrefu, umaskini, upweke. Sifa ya namna hii huitwa *sifa ya jeni nyingi*. Mfano mwingine unaoufahamu ni kimo cha binadamu. Watu hawagawanyiki katika warefu na wafupi tu. Kuna vimo vya kila namna katikati.

Kumbuka: Swali likikutaka uchore jedwali la Punnett kwa ajili ya sonona, lina mtego. Jedwali hilo linafaa kwa jeni moja au mbili, si kwa mamia.

7.3 Ushahidi wa kwanza: mapacha

Kabla ya kutafuta jeni ni lazima kwanza ujue kama urithi una mchango wowote. Familia peke yake haitoshi kuthibitisha, kwa sababu ndugu hushiriki jeni na pia hushiriki nyumba, chakula na shida. Ndiyo maana watafiti waliwageukia mapacha.

Mapacha wa yai moja wana DNA inayokaribia kufanana kabisa. Mapacha wa mayai mawili hushiriki wastani wa nusu ya aleli zinazotofautiana, kama ndugu wengine. Aina zote mbili kwa kawaida hulelewa katika nyumba moja. Basi ikiwa mapacha wa yai moja wanafanana zaidi kwa sonona kuliko wale wa mayai mawili, tofauti hiyo inaelekeza kwenye jeni.

Kanuni rahisi ya kukadiria ni hii:

Mchango wa urithi = 2 × (mfanano wa mapacha wa yai moja − mfanano wa mapacha wa mayai mawili)

*Mfano wa kujifunzia.* Tuseme mfanano wa mapacha wa yai moja ni 0.42 na wa mapacha wa mayai mawili ni 0.23.

2 × (0.42 − 0.23) = 2 × 0.19 = 0.38, yaani asilimia 38.

Mwaka 2000, watafiti walioziunganisha tafiti kadhaa za mapacha walikadiria mchango wa urithi katika sonona kuwa takriban asilimia 37. Isome namba hiyo kwa uangalifu. Haimaanishi kwamba mgonjwa mmoja ameupata ugonjwa wake kwa asilimia 37 kutoka kwa wazazi. Inamaanisha kwamba, katika jamii zilizochunguzwa, asilimia 37 ya *tofauti kati ya watu* katika uwezekano wa kuugua inaelezwa na tofauti za jeni zao. Sehemu kubwa iliyobaki inatokana na mazingira.

7.4 Kosa lenye mafunzo: jeni iliyoteuliwa mapema

Mapacha walionesha kwamba jeni zinahusika, lakini hawakuonesha ni zipi. Mwanzoni watafiti walikisia. Walijua kwamba dawa nyingi za sonona huathiri serotonini, kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za neva. Kwa hiyo wakaichagua jeni ya protini inayoirudisha serotonini ndani ya seli, iliyopo kwenye kromosomu ya 17.

Mwaka 2003 ulitolewa utafiti uliopata umaarufu mkubwa. Ulihusu watu 847 waliofuatiliwa tangu utotoni katika mji wa Dunedin, New Zealand. Matokeo yalidai kwamba watu wenye aleli fupi ya jeni hiyo waliugua sonona zaidi walipokutana na misukosuko ya maisha. Habari ilienea duniani, na tafiti nyingi zikafuata. Nyingine zilikubali, nyingine zilikataa.

Mwaka 2019, timu nyingine ilizipima jeni 18 zilizokuwa maarufu kwa sonona, ikiwemo hiyo, kwa kutumia data za watu wengi zaidi: kuanzia 62,138 hadi 443,264, kutegemea kipimo. Jeni hizo hazikuwa na uhusiano mkubwa na sonona kuliko jeni nyingine zozote zilizochukuliwa bila kuchagua.

Watafiti wa mwanzo hawakuwa wadanganyifu. Walikuwa na sampuli ndogo na makisio yaliyoonekana ya busara. Tatizo ni kwamba sampuli ndogo huweza kutoa matokeo ya kuvutia kwa bahati tu. Chukua mafunzo mawili hapa: nadharia tete nzuri si ushahidi, na matokeo yasiyorudiwa na wengine hayajathibitika.

7.5 Kupekua DNA nzima

Njia iliyofuata iliacha kukisia. DNA ya binadamu ina jozi za herufi zipatazo bilioni 3 na jeni zipatazo 20,000 zinazotengeneza protini. Watafiti huchukua wagonjwa wengi na watu wa kundi linganishi wasio na ugonjwa, kisha hukagua mamilioni ya mahali ambapo herufi za watu hutofautiana. Swali ni lile lile kila mahali: je, herufi hii inapatikana zaidi kwa wagonjwa?

*Kwa nini sampuli iwe kubwa?* Tuseme aleli fulani ni asilimia 52 kwa wagonjwa na asilimia 51 kwa kundi linganishi. Ukihesabu aleli 100 kila upande, tofauti ni aleli 1 tu; hiyo ni bahati. Ukihesabu aleli 100,000, tofauti ni aleli 1,000. Hapo bahati peke yake haitoshi kueleza.

*Kwa nini kigezo kiwe kikali?* Katika majaribio ya kawaida tunatumia kigezo cha 0.05. Sasa fikiria unafanya vipimo milioni 1 huku hakuna uhusiano wowote wa kweli:

1,000,000 × 0.05 = 50,000

Utapata "jeni" 50,000 za uongo! Kwa hiyo kigezo hugawanywa kwa idadi ya vipimo:

0.05 ÷ 1,000,000 = 0.00000005

Matokeo yasiyofikia kigezo hiki hayahesabiwi.

Sasa tazama jinsi kazi ilivyoendelea:

| Mwaka | Wagonjwa | Kundi linganishi | Matokeo yaliyofikia kigezo |
|---|---|---|---|
| 2013 | 9,240 | 9,519 | 0 |
| 2015 | 5,303 | 5,337 | 2 |
| 2018 | 135,458 | 344,901 | 44 |
| 2019 | 246,363 | 561,190 | 102 |
| 2025 | 688,808 | 4,364,225 | 697 |

Mwelekeo uko wazi: sampuli ikikua, matokeo huongezeka. Lakini usipite haraka mstari wa 2015. Sampuli yake ilikuwa ndogo kuliko ya 2013, na bado ilipata maeneo mawili, yote kwenye kromosomu ya 10. Sababu kubwa inayotolewa ni uteuzi wa washiriki. Wote walikuwa wanawake wa China wa kabila la Han, na wagonjwa walikuwa wamepata sonona kali iliyojirudia. Watafiti walipunguza vigezo vinavyobadilika, kama unavyofanya maabara unapoweka joto na kiasi cha maji sawa katika kila chungu cha mche.

Hapa kuna mvutano wa kweli. Ukitaka sampuli kubwa, unachanganya data za aina nyingi: waliopimwa na madaktari, rekodi za hospitali, na waliojibu dodoso kwamba waliwahi kuambiwa wana sonona. Idadi inapanda, lakini usahihi wa kila jibu unashuka. Ukitaka usahihi, idadi inashuka. Utafiti mzuri hutumia njia zote mbili na kulinganisha majibu.

7.6 Kutoka eneo hadi jeni: kuunganisha data

Watahiniwa wengi husimama kwenye sehemu ya 7.5. Wewe endelea, kwa sababu kupata *eneo* la DNA si kupata *jeni*. Sababu ni tatu:

1. Herufi zilizo jirani hurithiwa pamoja, kwa hiyo herufi iliyoonekana inaweza kuwa jirani tu wa ile inayohusika.
2. Maeneo mengi yaliyopatikana hayapo ndani ya sehemu zinazotengeneza protini. Yapo kwenye sehemu zinazofanya kazi kama swichi za kuwasha na kuzima jeni.
3. Swichi inaweza kuwasha jeni iliyo mbali. Mfano unaojulikana ni wa unene wa mwili: eneo lililopo ndani ya jeni iitwayo FTO lilionekana baadaye kuwa linaidhibiti jeni nyingine iliyo mbali kidogo, IRX3.

Kwa hiyo mtafiti hufanya kama hakimu mwenye mashahidi kadhaa. Shahidi mmoja anaweza kukosea. Mashahidi watano wasiofahamiana wakimtaja mtu yule yule, kesi ina uzito.

| Aina ya data | Inajibu swali gani? | Udhaifu wake |
|---|---|---|
| Ulinganishi wa DNA | Eneo gani linahusiana na sonona? | Haitaji jeni yenyewe |
| Kiwango cha kazi ya jeni katika tishu | Herufi hii inaongeza au inapunguza kazi ya jeni ipi? | Tishu za ubongo hutolewa na watu waliofariki, hivyo ni chache |
| Kiwango cha protini | Je, protini nayo hubadilika? | Sampuli ni ndogo |
| Aina ya seli | Jeni inafanya kazi katika seli zipi? | Haithibitishi kisababishi |
| Majaribio kwa panya | Jeni ikizimwa, tabia hubadilika? | Panya si binadamu |

Uone muungano huo ukifanya kazi. Mwaka 2021, watafiti walichukua matokeo ya DNA ya watu 500,199 na kuyaunganisha na vipimo vya protini kutoka kwenye bongo 376 za watu waliofariki. Waliuliza: ni protini zipi ambazo kiwango chake kwenye ubongo hubadilishwa na herufi zile zile zinazohusiana na sonona? Jeni 19 zilipita mtihani huo. Kisha wakarudia kwa data nyingine kabisa, na jeni 9 zikathibitika tena. Hapo unaona mafunzo ya sehemu ya 7.4 yakizingatiwa: rudia kabla ya kutangaza.

Utafiti wa 2025, uliotumia washiriki kutoka nchi 29, ulianza na matokeo 697. Baada ya kuyaunganisha na data za aina nyingine, ulitaja jeni 308 zenye ushahidi mzito. Nyingi zinahusika na sinapsi, mahali seli moja ya neva inapopokea taarifa kutoka kwa nyingine. Seli zilizojitokeza ni pamoja na zile za amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu na hisia.

Mfano wa kina: jeni NEGR1. Jeni hii ipo kwenye kromosomu ya 1. Protini yake hukaa juu ya seli za neva na kusaidia seli hizo kushikamana na kukua. Pitia mashahidi wake mmoja mmoja:

- *Ulinganishi wa DNA:* eneo lake lilionekana katika utafiti wa 2016, likarudi 2018, na tena 2019.
- *Kazi ya protini:* inahusika na ukuaji wa seli za neva, jambo linaloendana na ugonjwa wa ubongo.
- *Panya:* panya waliozimiwa jeni hii walionesha upungufu wa uzalishaji wa seli mpya za neva na tabia zinazofanana na wasiwasi na sonona.

Tahadhari: eneo la jeni hiyo hiyo lilihusishwa na uzito wa mwili tangu 2009. Jeni moja inaweza kugusa sifa zaidi ya moja. Kwa hiyo andika "jeni inayohusiana na sonona", usiandike "jeni ya sonona".

7.7 Data ya nani?

Kwa miaka mingi washiriki wengi wa tafiti hizi walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Hata katika utafiti wa 2025, wasio na asili hiyo walikuwa takriban robo tu. Hili ni tatizo la haki na pia la sayansi. Kipimo cha hatari kilichotengenezwa kwa data ya Ulaya hupungua usahihi kikitumika kwa mtu wa Dodoma au Kisumu.

Afrika ina nafasi ya pekee hapa. Binadamu wameishi barani humu muda mrefu kuliko kwingine, hivyo DNA za Waafrika zina tofauti nyingi zaidi, na vipande vya herufi vinavyorithiwa pamoja ni vifupi. Vipande vifupi humsaidia mtafiti kubana eneo na kuikaribia jeni yenyewe. Kenya na Uganda, pamoja na Ethiopia na Afrika Kusini, zimeshiriki utafiti mkubwa wa DNA kuhusu magonjwa mengine ya akili. Kwa sonona, kazi kubwa bado iko mbele, na huenda ikafanywa na anayesoma ukurasa huu.

7.8 Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

- *"Mzazi akiwa na sonona, mtoto lazima augue."* Si kweli. Hatari huongezeka, lakini watoto wengi wa wazazi wenye sonona hawaugui.
- *"Ugonjwa ukiwa wa jeni hautibiki."* Si kweli. Ushauri nasaha na dawa husaidia wagonjwa wengi, bila kubadilisha DNA hata herufi moja.
- *"Uhusiano ni kisababishi."* Si lazima. Ndiyo maana data za protini, seli na panya huongezwa.
- *"Kipimo cha DNA kinaweza kubaini sonona."* Hapana. Utambuzi hufanywa na mtaalamu wa afya kwa mahojiano na uchunguzi.

Swali la mfano (alama 6)

Mwanafunzi anadai: "Herufi iliyohusishwa na sonona ipo ndani ya jeni X, kwa hiyo jeni X inasababisha sonona." Toa hoja tatu za kumpinga.

*Jibu:* (i) Herufi hiyo inaweza kuwa jirani tu wa herufi inayohusika, kwa kuwa herufi jirani hurithiwa pamoja (alama 2). (ii) Inaweza kuwa kwenye swichi inayodhibiti jeni nyingine iliyo mbali (alama 2). (iii) Uhusiano wa takwimu hauthibitishi kisababishi. Unahitaji ushahidi wa aina nyingine, kama kiwango cha protini au majaribio kwa panya, na matokeo kurudiwa (alama 2).

Maswali ya kujipima

1. Mfanano wa mapacha wa yai moja ni 0.36 na wa mayai mawili ni 0.20. Kadiria mchango wa urithi.
2. Vipimo 200,000 vinafanywa kwa kigezo cha 0.05. Tarajia matokeo mangapi ya uongo iwapo hakuna uhusiano wowote wa kweli?
3. Eleza kwa nini utafiti wa 2015 ulipata matokeo ingawa sampuli yake ilikuwa ndogo kuliko ya 2013.
4. Taja aina nne za data zinazounganishwa kuitambua jeni, na udhaifu mmoja wa kila aina.
5. "Utafiti wa 2003 ulikuwa wa bure." Jadili.

*Majibu mafupi:* 1. 0.32, yaani asilimia 32. 2. Matokeo 10,000. 3. Rejea 7.5: washiriki waliteuliwa kwa ufanano wa jinsia, asili na ukali wa ugonjwa. 4. Rejea jedwali la 7.6. 5. Hoja nzuri itaonesha pande zote mbili: hitimisho lake halikuthibitika, lakini kasoro zake zilisaidia kuwafundisha watafiti kutumia sampuli kubwa, kigezo kikali na marudio.

Muhtasari

Sonona ni sifa ya jeni nyingi inayochangiwa pia na mazingira. Mapacha walionesha kwamba urithi una mchango. Upekuzi wa DNA ulionesha maeneo. Muungano wa data za DNA, tishu, protini, seli na wanyama ndio unaoitaja jeni. Hakuna data moja inayotosha, na hakuna jeni moja inayoamua.

Kabla hujafunga kitabu. Kipindi cha mtihani ni kigumu. Ukiona dalili za sehemu ya 7.1 zimekukaa wiki mbili, au zimemkaa mwenzako wa bwenini, usisubiri matokeo yatoke. Mwambie mzazi, mlezi au mwalimu wa ushauri nasaha, au nenda kituo cha afya. Ikiwa kuna mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu mzima leo hii, na mwenzako usimwache peke yake.